Shemeji Torleif na Injini Inayokula Gesi

Siku mdogo wangu Ravdna alipoolewa na Torleif, nilikula na nikanywa, maana nyama ilikuwa yetu, lakini moyoni nilikuwa nimenuna. Sisi ni wafugaji wa kulungu, hawa wa nchi ya theluji, baba na babu. Yeye alitoka Vardø, pwani huko, dereva wa lori la mitungi ya gesi, kazi yake kuzunguka vibandani kuwapelekea watu gesi ya jiko. Hakujua hata kumtofautisha kulungu jike na dume pembe zikishaanguka! Nilimtania mchana kutwa naye akacheka tu. Torleif ni mtu wa kucheka kwanza na kuelewa baadaye.

Miaka kumi na tisa alibeba mitungi, mpaka mgongo ukamgomea. Akafungua gereji nyuma ya nyumba yetu. Nasema yetu kwa sababu mimi na wao tunakaa nyumba moja ya marehemu mama, wao mlango wa kulia, mimi wa kushoto. Akawa fundi wa pikipiki za theluji za ukoo mzima. Hapo sina la kusema. Mashine iliyoingia ikikokotwa kwake ilitoka ikinguruma. Tatizo lake alikuwa hasemi bei, na ukoo wetu hauna aibu.

Sasa sikia kilichotukuta. Kifua cha Ravdna kiliharibika. Alianza kuchunga akiwa na miaka sita, sasa ana hamsini na nne, na miaka thelathini na zaidi ya hiyo ameimaliza juu ya pikipiki ya theluji akivuta moshi wa petroli. Akirudi kutoka porini alikuwa anakohoa hadi anashika ukuta. Daktari hakuzunguka. Alimwambia aachane na moshi ule, la sivyo mapafu yatamwacha yeye.

Na bila pikipiki, nani anachunga kulungu siku hizi? Kwa miguu? Mahtte, binamu yetu, ndiye mkubwa wa kundi. Alikuja akanywa kahawa yangu, akatumbukiza jibini ndani, akatafuna weee, halafu ndipo akasema.

"Mwisho wa Februari tunahamisha wanyama. Ravdna asipoweza kushika zamu yake, wanyama wake watachungwa na mwanangu. Yeye apumzike. Jikoni kuna joto."

"Jikoni ukae wewe," nikamwambia. "Umbo unalo."

Alicheka, lakini neno lake lilibaki pale mezani. Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni yetu. Alikuwa anaitazama mikono yake, nami roho iliniuma, maana Ravdna bila wanyama wake simjui na sitaki kumjua.

Torleif alikuja mlango wa kushoto kesho yake, mafuta hadi masikioni.

"Shemeji, unajua yale magari ya kunyanyulia mizigo kwenye maghala yanatembea kwa nini?"

"Kwa magurudumu."

"Kwa gesi, mama wee! Propani hii hii ya kwenye mitungi. Yanafanya kazi ndani ya jengo, madirisha yamefungwa, na watu hawakohoi."

"Kwa hiyo mdogo wangu akachunge ghalani?"

"Kwa hiyo naigeuza pikipiki yake ianze kula gesi."

Nikamwambia amechanganyikiwa. Pikipiki ya Ravdna si ya watoto. Ni ile kubwa yenye turbo, inayosukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu, inayopasua theluji ya kufika kifuani. Niliogopa atalilipua lile dude, Ravdna akiwa juu yake. Torleif akanieleza kwa subira, kama mtu anayemweleza kuku. Petroli ukiibana sana na turbo, injini inagonga kama kuna mtu anapiga nyundo ndani. Gesi inavumilia kubanwa. Turbo na gesi, alisema, wanapatana kuliko mimi na yeye.

Desemba yote alikuwa gerejini. Aliling'oa tangi la petroli, akafunga mtungi mlalo nyuma ya kiti ndani ya fremu ya chuma, akapitisha mipira, akafunga regyuleta ya kupunguza presha ya gesi, akaipangia injini vipimo upya. Alikagua kila kiungo kwa povu la sabuni, mara tatu tatu. Katikati ya Januari Ravdna aliipanda pale mtoni, baridi ikiwa digrii kumi na nane tu chini ya sifuri, siku ya raha. Alikata kona, akapotea, akarudi anacheka kofia imekaa upande.

"Hainuki, dada! Njoo unuse!"

Nikainama nyuma ya ekzosi nikanusa kama mbwa. Ilikuwa harufu ndogo tu, ya jiko lililozimwa sasa hivi. Nilimbusu shemeji shavuni kabla sijakumbuka kwamba simpendi.

Wiki tatu baadaye baridi ilikaza. Kulungu kadhaa walikuwa wamepotelea ng'ambo ya ziwa, Ravdna akaenda na Mahtte kuwarudisha. Digrii arobaini na nne chini ya sifuri. Katikati ya ziwa mashine ikakohoa mara mbili, ikazima. Ikakataa kabisa. Mahtte ikabidi ampakie kwenye sleji yake, mkokoteni wa kuteleza nyuma ya pikipiki, na kilomita thelathini mdogo wangu alikaa nyuma ya ekzosi ya petroli. Alilala kitandani siku mbili. Mimi mlango wa kushoto nilikuwa nahesabu pumzi zake kupitia ukutani.

"Torleif," Mahtte alimwambia akifungua kamba za sleji, "gesi hiyo pikia supu."

Nilimfuata shemeji gerejini nikiwa nimejaa. Nilimtukana ukoo wake, pwani yake na samaki wake wakavu. Alikuwa ameketi juu ya mtungi mtupu, kashika tama.

"Miaka kumi na tisa, shemeji," alisema. "Kila baridi ikikaza simu inalia. Torleif, jiko limekufa! Na mimi nawajibu, gesi imelala hiyo, ikifika arobaini na mbili chini ya sifuri haiinuki mtungini. Nimewaambia watu mia. Mke wangu sikumwambia. Niliijaribu mtoni siku ya joto, nikafurahi kama mtoto."

Alilia, mtu mzima yule. Hasira zangu zikaniishia palepale, nikabaki nimesimama na mikono yangu. Nikaketi kwenye mtungi wa pili.

"Sasa inaamshwaje?" nikauliza.

"Injini ikishapata moto, si kazi. Nitavuta gesi ikiwa ya majimaji, kutoka chini ya mtungi, siyo ule mvuke wa juu kama jikoni, halafu naipasha kwa maji ya moto ya rejeta. Na bomba la shaba nitalizungusha kwenye mtungi wenyewe, maji hayo hayo yapite, usipoe tena. Lakini asubuhi, injini imeganda, maji ya moto natoa wapi?"

"Ebo! Porini asubuhi mnaamka mnafanya nini?"

"Tunachemsha kahawa."

"Si uchemshe birika la pili?"

Akanitazama. Mimi sijui injini, lakini maji ya moto nayajua. Aliinuka akaanza kutafuta bomba la shaba, na tangu hapo sikupata tena sentensi nzima kutoka kwake hadi kazi ilipokwisha.

Siku ya kuhama tulikuwa uwandani wote kabla jua halijajitokeza vizuri. Arobaini na tatu chini ya sifuri, upepo hakuna hata wa kutikisa unywele. Kulungu mia kadhaa wamejikusanya, mvuke wao umesimama juu yao. Nilimimina birika zima juu ya mtungi na regyuleta, polepole, huku Torleif akiniongoza, "Hapo, hapo, rudi, hapo." Ravdna akapiga stati. Kimya. Nikamimina birika la pili. Akapiga tena, nayo ikashika, ikanguruma, ikatulia kwenye sauti moja. Nilipiga kigelegele, nisiseme uongo.

Ndipo wenzake watano wakawasha zao.

Jamani! Hewa imesimama, moshi wa petroli hauna pa kwenda. Ulitanda juu ya theluji, ukawafunika wote. Na mdogo wangu, juu ya mashine yake safi, akaanza kukohoa. Zamu yake ilikuwa nyuma ya kundi, baina ya wawili. Siku nne nyuma ya kundi, akila moshi wa watu.

Rangi ilimtoka Torleif usoni. "Ya kwake nimeitibu," alisema. "Za wengine sikuzifikiria kabisa."

Nilimtazama Ravdna amejikunja juu ya usukani na nikajua hawezi, safari hii atarudishwa tena, na safari hii ndiyo basi.

Mahtte naye alikuwa anamtazama. Alikuwa mbele kabisa, pale anapokaa anayeongoza, pale alipokaa baba yake kabla yake, na kulungu wa kuongoza, yule mpole anayefuatwa na kundi, kashikwa kamba mkononi mwake. Akazima injini. Akainua mkono, na wale wengine wakazima zao mmoja mmoja, mpaka ikabaki inanguruma ya Ravdna peke yake. Akaja kwa miguu, theluji inalia chini ya viatu vyake, na yule kulungu nyuma yake.

"Njia ya bondeni unaikumbuka?" akamuuliza.

Ravdna alisubiri pumzi. "Kuliko jina lako, kaka."

"Theluji ya kule ni nzito. Hiyo turbo yako itaipasua?"

"Itaipasua!" alidakia Torleif. Hakuna aliyemuuliza.

"Basi nenda mbele."

"Mbele ni pako, kaka Mahtte. Pa baba yako."

Mahtte alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu mwenye aibu. Hakumtazama usoni.

"Mbele hakuna moshi," akasema, na akamnyooshea kamba.

Torleif alinishika mkono kwa nguvu hadi ukaniuma, na sikuutoa. Ravdna aliipokea ile kamba, akaifunga nyuma ya sleji yake, akajifuta macho kwa glavu, akaondoka taratibu. Kulungu wa kuongoza akamfuata, na nyuma yake kundi lote, wanyama wake na wa Mahtte.