Mkungu Aliobebewa Wifi Yangu

Kaka yangu alipokwenda kutandika reli ya Wajerumani upande wa Moshi, alimwacha mkewe nyumbani kwetu, kwenye miteremko ya Meru, pamoja na baba, mama na mimi. Nilikuwa msichana mkubwa, sijaolewa bado. Wifi yangu alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye kicheko kilichosikika mpaka ng'ambo ya mfereji. Tulilingana umri, tukigombana kama waliozaliwa tumbo moja na kupatana kabla ndizi hazijaiva jikoni. Nyumbani tulizungumza Kimeru. Maneno ya watu nayaandika hapa kwa Kiswahili nilichojifunza baadaye misheni.

Siku hizo boma la Arusha lilikuwa bado jipya, linang'aa kwa chokaa, na Wahindi walikuwa wameanza kufungua maduka chini yake. Wanawake wa kwetu waliteremka na ndizi, maharage na maziwa, wakarudi na chumvi na shanga. Wifi alikuwa wa kwanza nyumbani kwetu kuacha ngozi na kujifunga kaniki ya dukani. Majirani waliitazama sana nguo ile. Wengine waliisifu, wengine walisema mwanamke ambaye mume wake yuko safarini anampambia nani.

Kwa kawaida tulikwenda sokoni wote wawili. Siku ile nilikuwa na homa, akaenda peke yake. Njiani akakutana na kijana wa ukoo wa jumbe wetu, mtu tuliyemfahamu tangu utoto, ambaye alikuwa amewahi kula nyumbani kwetu. Alimwona amelemewa na mkungu wa ndizi, akampokea, akaubeba mpaka karibu na Kijenge, pembeni mwa mji. Waliongea habari za reli na mvua. Wifi akamshukuru, wakaachana.

Alasiri, akirudi, alimkuta kijana yule amekaa pale njia inapoingia kwenye majani marefu kabla ya mto. "Nilikuwa nakungoja," alimwambia. Wifi akasema anawahi nyumbani. Kijana akamshika mkono. Wifi akasema hapana, akasema tena. Sitaandika zaidi ya hapo. Alinieleza mara moja tu, akaniomba yaliyobaki yabaki kwake. Inatosha kusema kwamba alikataa kwa mdomo, akakataa kwa mikono, mpaka nguvu zikamwishia.

Nilimwona akiingia uani jua likiwa bado juu. Kaniki ilikuwa imechanika begani na chumvi aliyonunua hakuwa nayo. Alikaa chini kando ya ukuta wa nyumba, akamwambia mama yote kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwake.

Mama yangu alikuwa mwanamke mwema. Lakini neno la kwanza lililomtoka lilikuwa hili: "Si nilikwambia kuhusu hiyo nguo?"

Wifi alimtazama. "Mama," akasema, "hata ningevaa ngozi yako ya zamani, yule mtu angekuwa na mikono ileile."

Mama alikwenda kuwasha moto, akachemsha maji, akamwogesha kama mtu anavyomwogesha mzazi aliyetoka kujifungua. Kesho yake wifi alitaka kuichoma kaniki. Mama akaichukua mkononi mwake, akaifua mferejini, akaishona, akaianika juu ya ua wa nyumba, upande wa njia, mahali ambapo kila anayepita angeiona. Nilielewa bila kuambiwa: nguo haikuwa na kosa.

Baba alipeleka shauri kwa jumbe. Wazee wakaketi uwanjani, wanawake tukakaa nyuma yao kama ilivyokuwa desturi. Nilidhani ataulizwa yule kijana. Aliyeulizwa ni wifi.

"Ulipiga kelele?"

"Nilipiga."

"Nani alikusikia?"

"Njia ilikuwa tupu."

"Mbona ulikwenda peke yako?"

"Mwenzangu alikuwa mgonjwa."

Kisha mzee mmoja akainama mbele kana kwamba amelipata jibu. "Na mbona ulimpa mzigo wako abebe?"

Kijana hakusubiri aitwe. Alisema kwa sauti ya mtu aliye kwao, "Angekuwa hanitaki, angebeba ndizi zake mwenyewe."

Watu wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Nilimwona wifi akifunga macho.

Hapo ndipo mama aliposimama. Alipita katikati ya wanawake mpaka mbele ya wazee, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akamnyooshea mkono yule mzee aliyeuliza.

"Wewe. Nilipokuwa na mimba ya huyu binti yangu ulinikuta mtoni, ukanipokea kuni mpaka mlangoni kwangu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Na wewe pale, ulimtoa ng'ombe wangu shimoni. Na wewe ulinishika mkono tukavuka mto uliofurika. Nataka mnieleze leo, mume wangu akiwa anasikia. Siku hizo nilikuwa nimewakubali nini?"

Jumbe akamwambia aketi. "Nitaketi nikijibiwa," mama akasema.

Yule mzee alikohoa. "Mimi nilikupokea kuni tu."

"Kuni tu," mama akarudia. "Basi na huyu alipokewa ndizi tu."

Hakuna aliyecheka tena. Nikasimama na mimi, nikasema nilivyomwona wifi akiingia uani, na kwamba jioni ileile majirani walimwona kijana akiwa na mikwaruzo shingoni. Kijana akaishika shingo yake. Jumbe, ambaye alikuwa baba yake mdogo, akasema shauri hili ni la mwenye mke, lingoje kaka yangu arudi. Tukatawanyika.

Siku za kungoja zilikuwa na uchungu wake. Mferejini kulikuwa na wanawake walionyamaza tukifika, na mmoja alikuwa akiinua mtungi wake kabla haujajaa na kuondoka. Lakini lilitokea na jambo ambalo sikulitarajia. Jirani yetu, mama mwenye watoto wakubwa, alikuja na kibuyu cha maziwa, akakaa karibu na wifi akimenya ndizi naye. Baada ya kitambo akasema, "Mimi yalinikuta shambani, kabla sijaolewa. Nilimwambia mama yangu, akanifunika mdomo." Akaendelea kumenya. Baada yake akaja mwingine, na mwingine tena. Si wote waliokuwa na kisa. Wengine walileta kuni tu, wakakaa. Wifi alianza kula vizuri.

Kaka alirudi akiwa amekonda na mweusi kwa jua la nyikani. Habari zilikuwa zimemkuta njiani. Kuna waliomwambia kwamba mke wake amemwaibisha. Tulikuwa uani alipoingia. Alimsalimia baba, akamsalimia mama, akasimama mbele ya mkewe.

"Sitakuficha," akasema. "Njia nzima nimetembea nikiwa na hasira nawe. Sasa niambie wewe."

Wifi akamwambia. Kaka alisikiliza ameketi chini, na alipoanza kulia hakujificha. Kisha akamuuliza jambo ambalo hakuna yeyote kati yetu, hata mama, aliyekuwa amemuuliza.

"Unataka tufanye nini?"

Wifi alifikiri. "Nataka aseme, mbele ya watu walewale waliocheka, kwamba nilikataa."

Wazee wakaketi tena. Safari hii walikuwa na jibu tayari: kaka apewe mtamba kutoka zizi la kina kijana, mambo yaishe. Mtamba mwenyewe alikuwa mzuri, nilimwona. Kaka akasimama.

"Mnanipa ng'ombe mimi kwa nini? Mimi nilikuwa Moshi. Hakuna aliyenikamata njiani. Aliyekosewa ni huyu, muulizeni yeye."

Walitazamana. Wifi akasema analolitaka. Mzee mmoja akanong'ona kwamba haijawahi kuwa hivyo. Jumbe alijua kwamba tukiondoka bila kuridhika kesi ingeweza kufika bomani, na bomani hakuna aliyejua ingetokaje, kwetu wala kwake. Sijui kama ni woga huo uliomsukuma au ni maneno ya mama yaliyokuwa bado yamemkaa moyoni. Alimgeukia mtoto wa ndugu yake, akamwambia, "Sema."

Kijana aliangalia chini. "Alikataa."

"Nani?" wifi akauliza.

"Wewe. Ulikataa."

"Mara ngapi?"

"Nyingi," akasema. "Ulikataa mara nyingi."

"Nimesikia," wifi akasema, "na hawa wote wamesikia." Akaketi karibu na mumewe. Mtamba yule alipewa wifi mwenyewe, mkononi mwake. Kijana aliambiwa ahame, akaenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi, na kwa miaka mingi hatukumwona.

Sitadai kwamba mlima wote ulibadilika. Yule mwanamke wa mtungi alikufa bila kumsalimia wifi tena, na wazee wengine walisema kaka amefunzwa mambo ya kizungu huko relini, ingawa sidhani kama Wazungu wa reli waliwahi kumfunza mtu kumuuliza mkewe lolote. Kuna usiku wifi aliamka akilia, na kuna njia ambayo hakuipita tena bila mtu. Lakini alirudi sokoni, na wanawake wa kwetu wakazoea kuteremka kwa pamoja, kundi zima, tukipiga soga mpaka mjini. Kicheko chake kilirudi polepole. Kwanza kilirudi kwa watoto aliowazaa, kisha kwetu sisi wengine.

Mwaka mmoja baada ya shauri lile alikuja mchumba nyumbani kwetu kwa ajili yangu, pamoja na ndugu zake na kibuyu cha pombe ya ndizi. Zamani baba angeipokea, nami ningeambiwa baadaye. Safari hii aliweka mkono juu ya kibuyu kabla hakijafunguliwa, akaniita nitoke ndani.

"Watu hawa wamekuja kwa ajili yako," akasema. "Unamtaka?"

Nilimtazama yule mtu. Alikuwa na viatu, na alijua kusoma, na mashamba ya kwao yalikuwa makubwa. Nikasema simtaki.

Baba akawarudishia kibuyu chao kwa adabu, mama akawapikia chakula kabla ya safari, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.