Alama Niliyoichora Kwenye Kabureta

Jamani, nimeibiwa kabureta au nina wasiwasi tu?

Pikipiki kuukuu ya baba ilikuwa inazimika-zimika tangu Sikonge. Kabla ya kuipeleka kwa fundi hapa Tabora mjini, nikaichora kabureta alama kwa kalamu. Mafundi nawajua!

Nikakaa pale pale, macho kodo.

Akapita mzee wa mtaani kwetu. Shikamoo haitolewi kwa mgongo, nikageuka. Naye akauliza habari za nyumba nzima!

Kugeuka tena, alama hakuna.

Nikawaka. Fundi akacheka: "Kaka, nimeiosha kwa petroli. Wino ungebaki?"

Nikanywea.

Akagusa skrubu ya upepo kidogo tu. Pikipiki ikatulia, inanguruma kama mpya.

Haya niambieni: kabureta ya baba imeipata wapi adabu hii?