Gari la Bi Twaiba Limezima

Je, gari lako hunywa nini? Usikimbilie kusema petroli. Mwaka 1998, pale Ukunda, teksi zote zilijaza mafuta kituoni kwa Bwana Rai kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, na kilichotoka kwenye pampu yake kilinuka kama stovu.

Fundi Kimanzi aliijua harufu hiyo. Alikuwa ameteremka kutoka Makueni na mkoba wa spana, akapewa na Rai kipande cha uwanja kando ya kituo, akasimamisha gereji ya mabati. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa huifanya injini igonge, kisha izime njiani. Kwa hiyo wateja hawakumpungukia. Rai mwenyewe ndiye aliyewaelekeza. "Nendeni kwa fundi wangu," alikuwa akisema, kwa upole wa daktari.

Siku moja Bi Twaiba, mwenye teksi, alifika amefura. Jana yake gari lilikuwa limezima njiani kwenda hospitali ya Msambweni, na abiria wake akajifungulia kwenye kiti cha nyuma.

"Shikamoo, Bi Twaiba."

"Marahaba. Mtoto wanataka kumwita Barabara. Mwengine akizaliwa humu, nitakuletea wewe umlee."

Kimanzi alikuwa na kisanduku chenye vifundo vitatu vya kuzungusha, alichokitoa kwenye gari la mashindano lililopinduka. Akakiunganisha na waya za kompyuta ya injini. Kazi ya kisanduku hicho ni kusema uongo: huiambia kompyuta kwamba hewa iliyoingia ni nyingi, nayo kompyuta, kwa imani yake, humwaga mafuta zaidi, yanayoipoza injini isigonge. Wakaupanda mlima wa Kwale, Bi Twaiba akiendesha, Kimanzi akizungusha kifundo na kusikiliza, akizungusha tena, mpaka injini ikaacha kugonga.

"Sasa limepona," Bi Twaiba akauliza, "au limezoea?"

"Limezoea. Na litakunywa zaidi."

"Yaani nimnunulie Rai uchafu mwingi zaidi, ndipo uchafu wake usinizimie?"

Kimanzi aliufikiria uwanja aliopewa na Rai.

Asubuhi yake alikuta teksi ya Bi Twaiba imekingama kwenye lango la kituo, boneti juu, magari yakipiga honi nyuma yake hadi barabarani.

"Ondoa gari, mama!" Rai alikuwa akifoka.

"Limezima."

Injini ilikuwa ikinguruma.

"Fundi wangu, njoo uwaambie watu. Si ulilitengeneza jana?"

Kimanzi akainama, akatega sikio. Ilinguruma vile vile alivyoiacha, bila kugonga hata kidogo. Akajifuta mikono kwa kitambaa.

"Limezima, Bwana Rai. Haliondoki mpaka tangi lisafishwe."

"Basi lisafishe!"

"Si tangi lake," Kimanzi akasema, akaelekeza kitambaa kwenye pampu. "Lile."

Kisha akarudi kwenye gereji, akaanza kuyang'oa mabati yake kabla hajaambiwa ahame.