Nyigu Kwanza, Mbawakawa Baadaye

Kwa miaka kumi na tisa Mama Nyigu alishika utaratibu mmoja kwenye kituo cha utafiti wa kilimo: asubuhi chumba cha nyigu kwanza, cha mbawakawa baadaye, asije akabeba mbawakawa nguoni hadi kwa nyigu. Wadudu wa aina hizo mbili waliletwa kutoka ng'ambo waangamize vijidudu vyeupe vinavyofyonza mihogo, na yeye ndiye aliyewalea, hata siku za homa.

Mbawakawa alikuwa na mgongo mwekundu na ulafi usio na haya. Alikula mbele za watu, wageni wakampenda. Akivimaliza vijidudu, hugeukia wadudu wasio na hatia au huruka akaenda zake. Nyigu, mdogo kuliko chawa, hakuwa na sura ya kupigwa picha. Alitaga mayai ndani ya kijidudu, watoto wakakila kwa ndani, wakatoka kutafuta kingine palepale shambani. Mama Nyigu alikuwa akisema mmoja ni mpiga debe, mwingine ni fundi.

Baada ya majaribio ya miaka yote hiyo, nyigu wa kwanza walikuwa watolewe kwenda mashambani mwezi ule, na shamba la kuanzia ni la mdogo wake, ambalo lilikuwa limeshaanza kunyauka.

Wageni walipokuja, mkuu wa kituo alimnong'oneza aanze na mbawakawa.

"Bosi, sisi hatuendi hivyo."

"Mama, leo usinitie aibu. Wana haraka."

Akaanza na mbawakawa. Koti la kubadili lilikuwa limelowekwa kwenye ndoo. Akaingia kwa nyigu na lilelile, asijue kwamba mbawakawa wawili watatu wamejificha chini ya ukosi. Kesho yake akatumwa vijijini wiki tatu, kuwaonyesha wageni mbawakawa waliowapenda. Aliporudi, mbawakawa walikuwa wamezaana ndani ya vizimba vya nyigu. Walikuwa wamekula kila kijidudu, pamoja na watoto wa nyigu waliokuwamo.

Ripoti ya kituo ilisema kwamba nyigu hakuizoea hali ya hewa. Mkuu alimsogezea kalamu. Mama Nyigu akasaini, na tangu siku ile anajichukia.

Mdogo wake akapewa boksi la mbawakawa. Walikula siku nne, ya tano wakaruka. Mama Nyigu alimkuta ameketi kwenye tuta, mashina makavu miguuni.

"Dada, si ulisema wale wadogo hawaondoki? Wako wapi?"

Mama Nyigu alitazama kucha zake.

"Hawakuizoea hali ya hewa," alisema.

Mdogo wake akaangalia jua, akatikisa kichwa kwa huruma, akamwamini.