Birika la Maji Mikononi mwa Baba Yangu

Siku ya kupanga tulikuwa wanne chumbani. Mama yangu, mwenye nyumba. Kaka yake mkubwa, mjomba wangu, ambaye neno lake lilikuwa ndilo neno la ukoo. Shangazi yangu, dada wa baba, aliyetangulia kuja kutoka Mutsamudu, kisiwa cha pili, na masanduku yake mawili na mdomo wake. Wa nne ni mimi, bibi harusi, nimekaa pembeni nachambua mchele, sikuulizwa kitu. Majina yao ninayo yote, na ya wengine wote waliokuja, na ya mama zao. Siyaandiki. Wana wajukuu mjini hapa, na mimi nimegombana na walio hai wa kutosha.

Kusoma kwangu ni kwa chuo cha Kurani tu, na Kiswahili nilikipata Unguja nilikokaa na mume wangu. Basi msinitafutie makosa ya herufi. Naandika kwa sababu juzi vijana wa nyumbani wamekuja kuniuliza, "Koko," yaani bibi, "harusi ya mjukuu wako tuipange vipi, wageni wakae wapi?" Nikawaambia waniache. Damu ilinichemka kama siku ile, na Wafaransa waliotutawala siku hizo wamekwisha kuondoka zamani.

Mama hakujua kuandika. Alipanga wageni kwa mbaazi juu ya ungo. Punje moja, mgeni mmoja. Huku upande wa juu watakaolala kwetu, huku kwa mama mkubwa, huku kwa jirani mwenye vitanda vya kamba. Alhamisi wageni wa Mutsamudu watashuka melini. Ijumaa baada ya sala, karamu ya wanaume pale bangwe, uwanja wetu wenye mabaraza ya mawe. Jumamosi bwana harusi ataingizwa ndani. Jumapili ngoma ya wanawake. Mjomba alishughulika na nyama tu. "Wageni wa mji wa Ikoni wapewe mguu mzima," alisema. "Ukipungua hata kwato, watalisema jambo hilo mpaka kiama."

Shangazi akachukua punje moja akaiweka katikati ya ungo. "Huyu ni kaka yangu. Ijumaa atakaa wapi?"

Mjomba akaisukuma ile punje kwa kidole, pole pole, mpaka ukingoni. "Atakaa pazuri."

"Pazuri ni wapi, bwana? Mimi nauliza baraza, wewe unanipa dua."

"Dada, kila mji una mila zake."

Hapo nikaacha kuchambua mchele, maana nilijua anakokwenda. Kwetu Moroni mwanamume hazeeki kwa mvi. Anazeeka kwa anda, ile harusi kubwa ya kulisha mji mzima. Asiyeifanya ni mtoto, hata akibakiwa na meno mawili. Hasemi mbele ya wakubwa, hali sinia moja nao, anawatumikia. Na baba yangu alikuwa na ndevu nyeupe, ana duka la nguo katika vichochoro vya Mutsamudu, jioni anasomesha watoto bure, mtaani kwao ndiye aliyeswalisha. Lakini mama alikuwa binti mdogo, anda ya nyumba yao alifanyiwa dada yake. Baba alimwoa mama kwa harusi ndogo.

"Kaka yangu harusi kubwa ameifanya," shangazi akasema. "Kwa mke wake wa kwanza, kwetu. Ng'ombe walichinjwa mpaka mbwa wakasusa."

"Kwenu ni kwenu," mjomba akajibu. "Karamu iliyoliwa Mutsamudu haijashibisha mtu Moroni."

Mama aliinamia ungo wake kama aliyeona mdudu. Nilimtazama, nikamtazama, hakuinua macho. Mwisho mjomba akasema, "Hilo niachieni mimi, nitalimaliza." Basi tukamwachia. Mpaka leo mtu akiniambia "niachie mimi" natamani kumtupia kitu.

Alhamisi baba akaja na kanzu mpya. Aliniletea shiromani nyekundu, nguo ya kujitanda, kwa ajili ya Jumapili, akaniwekea mkono kichwani, akasema, "Mwanangu, leo na mimi nimekuwa mtu mkubwa." Aliyasema kwa kucheka.

Ijumaa mimi nilikuwa ndani, nimepakwa liwa uso mzima, sitakiwi kuonwa wala kuona. Lakini nyumba yetu ilitazama bangwe, na dirisha la chumba nilimokuwa lilikuwa na ufa. Nikaona. Wakubwa wameketi barazani na majoho yao. Karani Mfaransa wa serikali akaja na kofia yake, akapewa kiti cha mbele, na maziwa ya mgando akapewa kwanza. Yeye alifanya anda lini? Alimlisha nani? Kwake mila ilinyamaza kama imekatwa ulimi.

Baba akaja akakusudia baraza la wakubwa, anatabasamu, mkono umeshanyooka wa kusalimia. Mjomba akamshika kiwiko. Akamzungusha. Akamtia mkononi birika la maji na beseni.

Kwetu kazi hiyo ni ya wale wasiokamilika: kuwanawisha wakubwa kabla hawajala. Vijana wa kuifanya walikuwa wamejaa pale, wamesimama, hawana kazi. Baba alilitazama birika. Akaanza kwa wa kwanza. Akainama, akammiminia. Akaenda kwa wa pili. Baraza zima, mmoja mmoja, wengine yeye angeweza kuwazaa, na walinyoosha mikono. Wakanawa. Mmoja alikung'uta vidole vyake, maji yakamrukia baba kanzuni.

Shangazi alikuwa nyuma yangu naye anachungulia. "Haya," akasema, "hapo ndipo pazuri penu."

Jumamosi bwana harusi akaletwa kwa tari na kaswida. Desturi yetu, wanawake huufunga mlango na kuwakebehi walio nje kabla ya kufungua. Basi nilipotia komeo kwa mkono wangu hakuna aliyeshangaa. Walicheka. "Angalieni bibi harusi, ana hamu ya kukataa!" Nje wakaimba, ndani wakajibu kwa matusi matamu. "Mume wenu ni mfupi, leteni kigoda!" Ikaenda hivyo mpaka nyimbo zikawaishia. Mama akataka kufungua, nikauegemea mlango kwa mgongo.

"Sifungui."

"Basi, mwanangu, mchezo umetosha."

"Sichezi, mama."

Vicheko vikakatika ndani, na nje tari zikakoma. Mjomba akaja akagonga. "Wee mtoto, fungua. Unatuvua nguo."

"Mjomba, nyumba hii ya nani?"

Kwetu nyumba ni ya binti, hilo hata yeye asingeweza kulikana. "Yako."

"Basi mume haingii nyumbani kwangu mpaka baba yangu akalishwe barazani pamoja na wakubwa. Mbele ya watu, kama jana."

"Siwezi. Mji utanitoza ng'ombe, utanitenga. Mila sikuitunga mimi."

"Mila haikumpa birika. Ulimpa wewe."

Nilikuwa na hakika mjomba atalegea, maana bwana harusi alikuwa juani na watu wa Ikoni walishaanza kunong'ona. Asingelegea yeye wangemlegeza wao. Nilihitaji kungoja kidogo tu.

Lakini sauti iliyofuata ilikuwa ya baba.

"Mwanangu."

"Labeka, baba."

"Fungua."

"Hawajakukalisha."

"Unataka isemwe nilivuka bahari kuja kuvunja harusi ya binti yangu? Hilo ndilo watakalolikumbuka. Birika watalisahau."

"Mimi silisahau."

"Fungua, mama yangu."

Aliponiita mama yake, nikatoa komeo. Bwana harusi akaingia juu ya kitambaa cheupe, wanawake wakapiga vigelegele, mjomba akajifuta jasho, akanikazia jicho kama mtu aliyeshinda. Na alishinda.

Jumapili nilijifunga shiromani nikacheza kwa sababu baba alikuwa bado mjini. Jumatatu akapanda meli. Hakukanyaga tena Moroni. Nilimfuata mimi Mutsamudu, kila nilipojifungua nikampelekea mtoto aombewe, na kila mara nikamwambia, "Baba, njoo uione nyumba yangu." Alikuwa akikunja kitambaa cha mteja, anakilainisha kwa kiganja. "Nimeshauona mlango wake," alisema. Alifia nyumbani kwa shangazi, kule mtaa wa Hombo.

Mjomba alipokufa walisimama bangwe wakamsifu kuwa ni mtu aliyekamilika. Sikulia. Walioniona wakasema nina moyo mgumu. Kweli.

Nimekuwa mzee, na ufa wa dirisha ni mdogo, huenda jicho halikuona kila kitu. Kama kuna aliyekuwepo, au aliyesimuliwa na babake, kwamba kwenye baraza lile alikuwepo hata mtu mmoja aliyerudisha mkono wake, akakataa kunawishwa na mzee yule, au aliyemshika baba akamwambia "keti hapa", basi mimi nimekosea. Njooni mnisahihishe. Baada ya Alasiri nipo nyumbani siku zote. Niambieni ni nani, nimwombee.