Swichi Niliyoifunga Mwenyewe

Gari la jeshi halina ufunguo. Nililijua hilo siku tulipolichukua kwenye mnada, kaka yangu na mimi, na nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Unapanda, unazungusha kitasa kidogo kwenye dashibodi, unabonyeza kitufe, linaunguruma. Kaka alikuwa dereva jeshini miaka mingi kabla ya kustaafu, akanieleza kwamba vitani hakuna mtu wa kupapasa mifuko akitafuta funguo. Aliye karibu na usukani ndiye mwenye gari.

Mimi nilikuwa fundi umeme kwenye gereji ya shirika moja la umma kule Nyakato, hadi asubuhi walipobandika orodha ukutani na kutuambia tumepunguzwa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila kitu ruksa, hata kumfukuza mtu aliyekupa ujana wake. Nilichopewa nikakiweka pamoja na kiinua mgongo cha kaka, tukanunua lori. Karatasi za mnada ziliandikwa jina lake kwa sababu yeye ndiye aliyejuana na wale maofisa.

"Na jina lako liko wapi?" mke wangu aliniuliza.

Nikamjibu kwa ukali kwamba kwetu kaka mkubwa ni baba, na mtoto hamdai baba yake maandishi. Nilijiona mtu mzima kweli kusema vile.

Kazi ilikuwepo. Viwanda vya minofu vilikuwa vinaota kando ya ziwa, na Mwanza nzima ilinuka sangara. Tulipeleka barafu mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, tukarudi na samaki hadi kiwandani. Wiki hii anaendesha yeye, wiki ijayo mimi, na chakula kilipatikana katika nyumba zote mbili. Shida ilikuwa umeme. Nyaya zilikuwa zimezeeka, ganda lake linamomonyoka ukiligusa, na umeme unavuja hata gari likiwa limezimwa. Betri mbili kubwa zinalala zimejaa, zinaamka zimekufa. Ikabidi lori lilale Igoma, nyumbani kwa kaka, kwa sababu kwake kuna mteremko. Tunalizuia kwa jiwe, asubuhi tunaondoa jiwe, linashuka lenyewe, tunaliwasha kwa gia. Kwa mawe na miteremko, Mwanza hatujambo.

Siku moja nikapitisha mkono nyuma ya dashibodi, nikagusa waya wa moto. Gari lilikuwa limezimwa kwa saa nzima. Niliogopa sana. Lori lile likiungua, nilichofanyia kazi maisha yangu yote kingekuwa majivu, na sikuwa na kingine.

Nikaenda kupekua chuma chakavu kwenye kiwanda cha pamba kilichokuwa kimefungwa milango. Kwenye mashine ya kunyanyulia marobota nikakuta nilichokitaka, swichi ya kukata betri, kubwa kama ngumi, yenye ufunguo mwekundu. Ukiuingiza na kuuzungusha, umeme unapita. Ukiurudisha na kuuchomoa, gari zima linakuwa maiti. Ufunguo wenyewe ulikuwa mmoja tu.

Niliifunga Jumamosi, uani kwa kaka, naye amekaa kwenye kigoda ananitazama. Nilikata ule waya mnene wa hasi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye chesisi, nikaiweka swichi katikati. Vichwa vya waya nilivichonga kwa bomba la shaba, nikavichomelea kwa risasi. Nilitoboa ubao wa sanduku la betri taratibu, nikaweka mpira chini ya kila nati ili isilegee kwa mitikisiko ya barabara yetu. Halafu nikachukua taa ndogo, nikaipima. Kabla ya kuchomoa ufunguo kulikuwa na umeme unaovuja, na taa ilipepesa. Nilipouchomoa, taa ilizimika kabisa. Nasema bila haya kwamba ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya.

"Nitachonga ufunguo wa pili, kaka," nilimwambia. "Mmoja wako, mmoja wangu."

"Wa pili wa nini? Mafahali wawili hawakai zizi moja." Akacheka, nami nikacheka. "Gari linalala kwangu, mdogo wangu. Na ufunguo ulale kwangu."

Nikaufuta mafuta kwa shati langu, nikampa kwa mikono miwili, kama tulivyofunzwa kumpa mkubwa kitu. Nikamwonya jambo moja tu: asiuzungushe injini ikiwa inaunguruma, ataua altaneta, ile inayochaji betri. Akaitikia huku akiupima uzito kiganjani.

Wiki yangu ilipofika nikaenda Igoma alfajiri. Shikamoo kaka, marahaba. Akasema kuna mzigo wa haraka, ataupeleka mwenyewe. Wiki iliyofuata niliambiwa yuko mjini, na ufunguo uko mfukoni mwake. Mara ya tatu nilimkuta mtu nisiyemjua amekaa kwenye usukani, ufunguo mwekundu unaning'inia shingoni mwake kwa kamba. Dereva. Kaka alinisemesha akiwa mlangoni, hakunikaribisha ndani.

"Pumzika kidogo, mdogo wangu. Nitakuita."

Watu huniuliza kwa nini sikulichukua lori. Ningeweza. Ni mimi niliyeifunga ile swichi. Ukiweka spana moja juu ya nati zake mbili, umeme unapita kama kawaida, na asubuhi ile spana nilikuwa nayo mfukoni. Swichi haikunizuia. Kilichonizuia ni adabu, na mpaka leo naichukia. Nilikwenda kwa baba mdogo, akaniambia ndugu hawashtakiani kwa sababu ya chuma. Alilisema kirahisi tu, kwa sababu chuma hakikuwa chake.

Mke wangu hakusema "nilikwambia". Afadhali angesema. Alianza kununua mapanki, yale mafupa ya sangara yanayobaki kiwandani baada ya minofu kwenda Ulaya, akayakaanga, tukala. Sangara nilimbeba kwa tani, na sasa nilikuwa nanyonya uti wake wa mgongo. Kila lori lilipopita barabarani watoto walinyamaza, na mimi nilijifanya sisikii.

Miezi ikapita, kisha kaka akanitumia ujumbe: njoo mwaloni mara moja. Nilivaa shati langu la kanisani. Njiani nilishamsamehe nusu, nikapanga hata maneno ya kumtoa aibu, kwamba yaliyopita yamepita na sisi ni ndugu.

Nililikuta lori limejaa samaki, maji ya barafu yanachuruzika chini. Yule dereva alikuwa ameurudisha ufunguo injini ikiwa inaunguruma. Altaneta imekufa, betri tupu, na mwaloni ni tambarare, hakuna mteremko wa kukuokoa. Kaka alikuwa amesimama na mwenye samaki, bwana mmoja aliyekasirika, anayetazama saa yake kila dakika.

"Huyu nani tena?" yule bwana aliuliza.

"Fundi," kaka alisema. "Ni fundi wangu huyu, anazijua nyaya zote."

Nilisubiri aongeze neno. Neno moja tu lilibaki, fupi, na halikuhitaji karatasi ya mnada. Alikuwa anatazama maji yanavyochuruzika. Basi nikaamua kumsaidia kulisema. Nikamwamkia kwa sauti, ili na yule bwana asikie:

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, fundi," akajibu. "Fanya haraka, samaki wanaoza."

Nikavua shati langu la kanisani, nikafungua boneti ya gari langu.