Moshi juu ya Kaniama

Mimi njo nilikuwa ninaangalia picha za satelite katika ofisi ya meteo, ya hali ya hewa, hapa baze ya jeshi ya Kamina. Muke wangu alikuwa ameenda Kananga kuzika mama yake, nikawa ninapika peke yangu kwenye mbabula, jiko ya makala ya moto, pembeni ya mashini ya kutoa picha. Siku ndege ya kumurudisha ingefika, nilichoma mihindi mibili, mumoja wangu, mumoja wake.

Picha ikatoka, nikaishika. Moshi juu ya Kaniama, kwenye njia ya kutoka Kananga. Picha iliyofuata, moshi umesogea karibu yetu. Sikushangaa, kiangazi bantu banachoma pori. Roho ilitaka ninyamaze ndege ije, lakini haki ni haki. Nikatangaza kwamba njia imefungwa, na ndege ikabakia Kananga.

Liutena, mukubwa wangu, akaja kuona. Akalamba kidole, akapangusa Kaniama kwenye picha. Moshi ukafutika.

"Sitwayeni," akaniita kama raia, "moto gani huu unazimwa na mate?"

Nikatazama vidole vyangu, vyeusi vya makala. Mashini haikuwa na kosa. Yeye akatazama mbabula.

"Na ule muhindi wa pili ni wa nani?"

"Wa muntu mwenye iko Kananga, mukubwa."